Kutoka nyumbani ili hasira zitulie: je, ni kumhama mke?

SWALI

Assalaamu alaykum sheikh. Naishi Tanga, nimeoa, tuna watoto wawili. Ni mtu wa hasira za haraka tangu utotoni na najijua. Miaka yote ya ndoa yetu, tukigombana na mke wangu nikaona mambo yamepanda, nilikuwa navaa kanzu naondoka. Nafika msikitini, natia udhu, najilaza kidogo, hasira zikishuka narudi. Mke wangu haipendi tabia hiyo. Analia, anasema namdharau.

Mwaka huu alinitumia kwenye simu mawaidha ya ustadhi mmoja. Ustadhi anasema mwanaume anayetoka katikati ya ugomvi amemhama mkewe nje ya nyumba, na Mtume amelikataza hilo. Kwamba kunyamaza huku moyo unachemka ni unafiki. Na kwamba mke na mume wamalize ugomvi palepale, kila mmoja atoe yote aliyonayo kifuani, kwa sababu imepokewa kwamba "jua lisitue mkiwa na hasira". Nikasema sawa, nijirekebishe. Baada ya hapo tukagombana kwa sababu ya pesa za ada, nikabaki, nikatoa yote. Nilimtukana mama yake mzazi kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa, na mwisho nikamwambia "nenda kwenu". Sikukusudia talaka, Allah ni shahidi, nilitaka anyamaze tu. Hakuondoka. Lakini tangu siku ile ananipikia, nikimuuliza jambo ananijibu, ila hanitazami usoni. Je, kutoka kwangu kote kule kulikuwa dhambi? Na je, ndoa yetu ipo?

JIBU

Wa alaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh.

Mwanangu, nianze na swali lako la mwisho, maana najua ndilo linalokunyima usingizi. Ikiwa hali ni kama ulivyoieleza, ndoa yako ipo. Neno "nenda kwenu" halimo katika matamko ya wazi ya talaka. Ni kinaya, yaani neno linaloweza kubeba talaka na linaloweza kubeba mengine, na kinaya hakipitishi talaka mpaka kiambatane na nia. Dalili iko katika kisa cha Ka'b bin Malik (R.A.), mmoja wa masahaba watatu waliobaki nyuma bila kutoka katika msafara wa vita wa Tabuk. Alipoamrishwa ajitenge na mkewe aliuliza: nimtaliki, au nifanye nini? Akaambiwa: hapana, jitenge naye tu, usimkaribie. Ndipo akamwambia mkewe, "Nenda kwa watu wako, ukae kwao mpaka Allah ahukumu jambo hili." Kisa hiki kimo katika Bukhari na Muslim. Neno ni lilelile lako, wala halikuwa talaka, kwa kuwa hakulikusudia.

Lakini usiondoke hapa ukidhani kwamba ni hasira zilizokuokoa. Kilichokuokoa ni kwamba hukutamka neno la wazi na hukunuia. Lau ungesema "nimekuacha", wanazuoni wengi, na wa madhehebu yetu ya Shafi wakiwemo, wangekuhesabia talaka hata kama ulikuwa umewaka, maadamu ulijua unachokisema. Hasira inayoondoa hukumu ni ile iliyomfikisha mtu pasipo na akili, asijue lililomtoka kinywani. Wewe maneno yako unayakumbuka neno kwa neno, mpaka unaona haya kuyaandika. Ulisimama ukingoni kabisa, na aliyekusogeza pale ni mawaidha uliyoyasikiliza kwa nia njema. Kwa hiyo sitayajibu kwa maneno mawili. Mawaidha ya namna hii yanapita kwenye simu za watu, yanaingia katika nyumba zenye watoto, na anayeyasikia anadhani ni maneno ya Mtume (S.A.W.).

Ustadhi mwenyewe simjui, na jina lake halinihusu. Ninaijibu kauli.

Hoja yake ya kwanza ina asili, na haki yake tuipe. Abu Daud amepokea kutoka kwa Muawiya bin Hayda (R.A.) kwamba alimuuliza Mtume (S.A.W.) haki ya mke juu ya mumewe, akajibiwa: umlishe unapokula, umvishe unapovaa, usimpige usoni, usimtolee maneno mabaya, wala usimhame ila ndani ya nyumba. Ustadhi ameshika kipande cha mwisho akajengea hukumu. Namuuliza: kipande kinachokitangulia, "usimtolee maneno mabaya", amekipeleka wapi? Hadithi ni moja, na pumzi ya Mtume ni moja. Unawezaje kuitumia hadithi hii kumzuia mtu asitoke nje, kisha ukamwambia abaki ndani "atoe yote"? Na hayo "yote" ya mtu aliyewaka huwa ni yapi, kama si hayo maneno mabaya yaliyokatazwa mstari mmoja juu yake?

Kisha, kuhama kunakozungumziwa katika hadithi ni kule kunakotajwa katika Sura An-Nisaa aya ya 34, mume kujitenga na mkewe kwa muda ili kumtia adabu. Ni hatua anayoichukua mtu mwenye utulivu, baada ya nasaha, kwa kosa linalojulikana. Mtu anayetoka saa moja ili ulimi wake usimuue hamtii adabu mtu yeyote. Anaizuia nafsi yake. Na hata katika kuhama kwenyewe, Mtume (S.A.W.) aliwahi kujitenga na wake zake mwezi mzima, siku 29, akakaa katika chumba cha juu mbali na nyumba zao, kama alivyosimulia Umar bin Khattab (R.A.) katika hadithi ndefu iliyo mashuhuri. Imam Bukhari aliweka mlango maalumu juu ya Mtume kuwahama wake zake nje ya nyumba zao, akaitaja hapo na hiyo hadithi ya Muawiya bin Hayda, akasema kwamba ile ya Mtume kuwahama wake zake nje ya nyumba ni sahihi zaidi. Aliyesoma hadithi hujua uzito wa neno hilo likitoka kwa Bukhari. Vipi leo mtu asimame juu ya mimbari, achukue ile iliyo chini kwa nguvu, na asiitaje iliyo juu yake hata kwa kuipitia?

Halafu kuna kisa cha Ali na Fatma (R.A.), ambacho peke yake kingetosha kulimaliza jambo hili. Sahl bin Sa'd (R.A.) anasimulia kwamba Mtume (S.A.W.) alikwenda nyumbani kwa binti yake asimkute Ali. Akamuuliza: yuko wapi mtoto wa ami yako? Fatma akasema: lilitokea jambo baina yetu, akanikasirikia, akatoka, wala hakulala mchana kwangu. Mtume akamtuma mtu amtafute. Mtu akarudi akasema yuko msikitini amelala. Mtume akaenda mwenyewe, akamkuta amejilaza, shuka imemdondoka ubavuni, mwili umeshika vumbi. Akawa anampangusa vumbi kwa mkono wake huku akisema, "Simama, ewe Abu Turab! Simama, ewe Abu Turab!" Yaani, baba wa udongo.

Angalia kisa hiki kwa makini, mwanangu, kwa sababu ni chako. Mume amegombana na mke, ametoka, amekwenda msikitini, amejilaza. Mke mwenyewe ni binti wa Mtume. Je, Mtume alimwambia Ali: umemhama mwanangu nje ya nyumba? Alimwambia: wewe ni mnafiki, mbona ulinyamaza? Hakumuuliza hata waligombania nini, si yeye wala Fatma. Alimpangusa vumbi na kumpa jina ambalo Sahl anasema Ali hakuwa na jina alilolipenda kuliko hilo. Tunajua kwamba Mtume akiona kosa hanyamazi, na hapa yuko katika nyumba ya kipenzi chake. Basi kutoka kwako katika asili yake hakukuwa dhambi. Ulikuwa na mfano bora mbele yako ukaambiwa uuache.

Ama kusema kwamba kunyamaza na moyo unachemka ni unafiki, hili limenihuzunisha kuliko yote. Allah (S.W.) amewasifu wachamungu katika Sura Al-Imran aya ya 134 kwamba ni wale wanaotoa katika raha na dhiki, wanaozuia ghadhabu zao na kuwasamehe watu. Anayezuia ghadhabu ni yule aliye nayo. Moyo uliopoa hauna cha kuzuia. Na Mtume (S.A.W.) amesema kwamba mwenye kuizuia ghadhabu naye ana uwezo wa kuitekeleza, Allah atamwita Siku ya Kiyama mbele ya viumbe wote na kumpa hiari ya anachokitaka katika mahurulaini, wameipokea Abu Daud na Tirmidhi. Na imepokewa katika Musnad ya Imam Ahmad: "Akikasirika mmoja wenu na anyamaze." Kwa hiyo jambo ambalo Allah analisifu, na Mtume analiamrisha na kuliahidia malipo mbele ya viumbe wote, ustadhi analiita unafiki! Unafiki ni kuficha ukafiri na kudhihirisha imani. Anayefunga kinywa ili asimvunjie mkewe heshima hajamdanganya mtu. Uso wake umeshasema kwamba amekasirika, na mkewe anajua.

Imebaki kauli ya "jua lisitue mkiwa na hasira". Imeenea sana katika mawaidha ya ndoa, na nimeshaisikia ikitanguliwa na "amesema Mtume". Hiyo si hadithi. Ni maneno yaliyomo katika Waraka wa Paulo kwa Waefeso, sura ya nne, na majirani zetu Wakristo wanayajua vizuri yalipo. Jambo jema laweza kusemwa na yeyote nasi tukalikubali, lakini kumnasibishia Mtume (S.A.W.) lisilokuwa lake ni mlango wa Moto, na mwenye kuwaidhi watu anapaswa kuogopa hapo kabla ya pote. Kwetu sisi mpaka uliowekwa unajulikana: si halali kwa Muislamu kumhama ndugu yake zaidi ya siku tatu, wanakutana huyu anageuka huku na huyu anageuka kule, na mbora wao ni anayeanza salamu. Imam Nawawi amesema katika kuisherehesha hadithi hii kwamba siku tatu hizo zimesamehewa kwa sababu binadamu ameumbwa na ghadhabu, basi akapewa nafasi mpaka imtoke. Dini iliyokuja na rehema hiyo, mtu anaifinya mpaka iwe magharibi ya siku ileile!

Tena nitazame amri yenyewe ya kumaliza palepale. Kumaliza ugomvi ni nini? Ni kuamua nani ana haki, nani amekosa, nani atalipa nini. Hiyo ni hukumu. Na Abu Bakra (R.A.) aliandika kwa mwanawe aliyekuwa kadhi huko Sijistan asihukumu baina ya watu wawili naye ana hasira, kwani alimsikia Mtume (S.A.W.) akilikataza hilo. Kadhi ni mtu wa elimu, kesi si yake, pesa si zake, na bado haruhusiwi kuhukumu akiwa amekasirika. Ije kuwa mume na mke, kila mmoja ni mdai, ni shahidi na ni kadhi, saa nne ya usiku, ada ya mtoto haijapatikana? Nabii Musa (A.S.) aliporudi kwa watu wake akawakuta wanaabudu ndama alighadhibika kwa ajili ya Allah, si kwa ajili ya nafsi yake, na katika hali hiyo alizitupa zile mbao za Taurati na kumkamata kichwa nduguye Harun. Kisha Qur'ani inasema katika Sura Al-A'raf aya ya 154 kwamba ghadhabu ilipomtulia Musa alizichukua zile mbao. Mwongozo na rehema vilikuwa vimeandikwa humo muda wote, lakini aliviokota ghadhabu ilipotulia. Musa ni mteule wa Allah. Mimi na wewe ni nani hata tudai kusoma mwongozo huku tumewaka?

Na hili la "toa yote, utapata nafuu" si la dini, ni fikra ya watu tu, na hata wenye elimu ya saikolojia wameipima wakaiona haisimami. Mwaka 2002 mwanasaikolojia wa Marekani Brad Bushman alichapisha jaribio ambamo watu walioudhiwa kwa makusudi waligawanywa makundi: wengine wakapiga mfuko wa ndondi huku wakimfikiria aliyewaudhi, wengine wakapiga huku wakifikiria mazoezi ya mwili, wengine wakakaa kimya bila kufanya chochote. Waliopiga huku wakimfikiria ndio waliobaki na hasira zaidi, na waliokaa kimya ndio waliokuwa afadhali. Sina haja ya ushahidi huo ili niiamini Sunna. Nimeutaja kwa ajili ya wale wanaosema kwamba kunyamaza kunaharibu mwili.

Basi hukumu ni hiyo: kutoka kwako hakukuwa dhambi. Lakini, mwanangu, sijamaliza nawe, kwa sababu katika maelezo yako kuna kitu umekipita haraka. Umeandika: natia udhu, najilaza, hasira zikishuka narudi. Halafu? Hukuandika kwamba ukirudi mnazungumza. Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja nikilitafuta neno hilo, sikulipata. Nadhani unarudi umepoa, unakula, unalala, na kwako jambo limekwisha. Kwake halijaanza. Amebaki na watoto na lile lililomuumiza, na wewe uliyeondoka nalo nusu hukulirudisha. Likija kuzuka tena, unavaa kanzu tena. Ndiyo maana analia, na ndiyo maana anasema unamdharau. Wala sidhani alikutumia mawaidha yale kwa kuwa alikuwa anatafuta hukumu ya kuhama. Alikuwa anatafuta mtu wa kukwambia kwamba ugomvi una haki ya kumalizwa. Katika hilo ana haki, hata kama ustadhi aliyemtegemea amekosea njia.

Kwa hiyo endelea kutoka, lakini badilisha namna ya kutoka. Usivae kanzu kimya na kufunga mlango. Mwambie: nimekasirika, nisije nikasema baya, natoka, nikirudi baada ya isha tutalizungumza. Maneno hayo yaseme mkiwa na amani kwanza, mkubaliane kwamba ndiyo desturi yenu, ili siku ya hasira yasionekane mageni. Na ukisema baada ya isha, iwe baada ya isha. Usitoke usiku wa manane ukamwacha na watoto mahali pasipo na usalama. Siku hiyo nenda uani, au chumba kingine. Wala kutoka kusiwe adhabu, ukajikawiza kusudi ili ahangaike. Ukifanya hivyo umeingia katika lile lililokatazwa, na hapo ustadhi atakuwa na hoja juu yako.

Huko unakokwenda, mfukuze shetani kwanza. Watu wawili walitukanana mbele ya Mtume (S.A.W.), mmoja wao macho yakawa mekundu na mishipa ya shingo ikavimba. Mtume akasema: mimi nalijua neno, lau angelisema yangemwondoka haya anayoyaona, *A'udhu billahi minash shaytanir rajim*. Watu wakamwambia yule bwana. Akajibu: kwani mimi ni mwendawazimu? Huyu amepelekewa dawa na Mtume wa Allah na ameikataa. Ndivyo hasira ilivyo, inamfanya mtu aione nasaha kuwa ni tusi. Ndiyo maana namuomba mkeo asikwambie "soma a'udhu" katikati ya ugomvi, nawe usimwambie. Kila mmoja ajisomee mwenyewe.

Kisha kaa chini. Abu Dharr (R.A.) alikuwa akinywesha wanyama kwenye birika lake, wakaja watu, mmoja wao akalivunja. Abu Dharr alikuwa amesimama. Akaketi, kisha akajilaza. Wakamuuliza, mbona umeketi kisha ukajilaza? Akasema: Mtume (S.A.W.) alituambia, mmoja wenu akikasirika naye amesimama na aketi, ikimwondoka ghadhabu basi, la sivyo na ajilaze. Maji yanamwagika, wanyama wana kiu, mwenye kosa yuko mbele yake, na mzee wa watu anajilaza chini. Aliyejilaza mkono wake hauwezi kumfikia mtu. Kuhusu udhu, hadithi yake iko kwa Abu Daud na sanad yake, yaani mlolongo wa wapokezi wake, ina udhaifu, wanazuoni wameizungumzia. Lakini udhu wenyewe ni ibada, wala hakuna ubaya kuutia wakati huo, na rakaa mbili baada yake. Umeona mwenyewe ulikuwa unakusaidia, usiuache.

Simu iache nyumbani. Hili nalisisitiza, kwa sababu watu wengi siku hizi wanatoka na miguu tu, ugomvi wanaendelea nao kwenye WhatsApp. Anatembea huku anamrekodia mkewe ujumbe wa sauti, au anampigia kaka yake kumhadithia. Kinachosemwa chumbani kinaweza kusahaulika; sauti iliyorekodiwa itasikilizwa tena na tena, na familia ikishaingia itachelewa kutoka. Usipite barazani kwa wenzako. Na ukijikuta umelala msikitini lakini moyoni unapanga majibu ya kwenda kumwambia, jua hujatulia bado. Nyanyuka, shika msahafu, au msaidie mtu kazi, mpaka ufike mahali ambapo unaweza kulieleza upya lile alilolisema yeye kwa namna ambayo yeye mwenyewe angekubali kwamba ndilo alilokusudia. Hapo rudi.

Haki hii si ya wanaume peke yao. Mkeo naye akiona amepandwa akaingia chumbani na kufunga mlango, usigonge, usimwite kiburi, usimwambie mke gani humfungia mumewe. Mpe muda uleule unaoutaka upewe. Na mmoja wenu akimfuata mwenzake kuomba radhi, asifungiwe. Abu Bakr na Umar (R.A.) walipishana maneno, Umar akaondoka amekasirika, Abu Bakr akamfuata akimuomba amsamehe, Umar akakataa mpaka akamfungia mlango usoni. Siku hiyohiyo Umar akajuta akaenda kumtafuta nyumbani kwake asimkute. Alipofika kwa Mtume (S.A.W.), uso wa Mtume ulikuwa umebadilika kwa kughadhibika, mpaka Abu Bakr akapiga magoti akawa anasema: Wallahi mimi ndiye niliyekuwa dhalimu zaidi.

Sasa tuje kwenye nyumba yako ya leo. Mke anapika, anajibu, hatazami. Usilichukulie hilo kuwa ni uasi, na wala asije mtu akakuambia kwamba umeshapata sababu ya kumtia adabu. Bibi Aisha (R.A.) alikuwa akimkasirikia Mtume, na Mtume akamwambia: mimi najua unaponiridhia na unaponikasirikia. Ukiwa radhi unaapa "La, naapa kwa Mola wa Muhammad", na ukikasirika unasema "La, naapa kwa Mola wa Ibrahim". Bibi Aisha akasema: ndiyo, Wallahi ewe Mtume wa Allah, siachi ila jina lako tu. Mtume hakumkaripia. Mkeo ametukaniwa mama yake mzazi, ameambiwa aende kwao, na pamoja na hayo hajaacha katika haki zako ila kukutazama. Huyo ni mwanamke mwenye subira, na siku zinazopita bila wewe kusema neno ndizo zinazomuumiza sasa kuliko tusi lenyewe.

Mwendee leo, usingoje siku nzuri. Mkalishe mkeo, watoto wakiwa wamelala. Anza kwa kumwondolea hofu ya ndoa, mwambie umeuliza na umejibiwa, na kwamba hukukusudia kumwacha. Pengine anakaa humo ndani hajui kama ni mke au si mke, na hilo pekee ni mateso. Kisha omba radhi kwa lile la mama yake, kwa kulitaja, "nilimtukana mama na nilimdhulumu". Usiseme "kama nilikukosea", kwa maana hakuna kama hapo. Usiseme "lakini na wewe". La ada lisiingie katika mazungumzo hayo hata kidogo. Akilia, mwache alie na usitoke. Siku hiyo kanzu isiguswe. Asipokusamehe usiku huo usimlazimishe kwa aya wala hadithi. Kesho yake au keshokutwa, mkiwa mmetulia, ndipo mkae na daftari na kalamu mpige hesabu ya ada, kipi kipo, kipi hakipo, nani aombwe muda.

Kuhusu mama mkwe: tusi ulilitoa akiwa hayupo, na umelitoa mbele ya binti yake, kwa hiyo ni haki yake iliyovunjwa. Wanazuoni wametofautiana kama ni lazima kumwendea aliyesengenywa ili akusamehe hali habari haijamfikia, na kauli ninayoiona kuwa na nguvu ni kwamba usimpelekee, kwa kuwa utamtia jeraha ambalo hana. Muulize mkeo kwa upole kama mama amesikia. Ikiwa amesikia, nenda kwa miguu yako, keti chini, umuombe akusamehe, na mkeo awepo. Ikiwa hajasikia, muombee dua na maghufira, na msifu kwa wema wake mbele ya mkeo na mbele ya watoto, mahali palepale ulipomtukania. Ijumaa hii baada ya swala nendeni mkamsalimie nyote wanne, mchukue na sukari na unga kama ilivyo desturi, na ukifika mtake dua yake. Usimweleze kwa nini umekuja.

Wallahu a'lam.